Kuku wa Maskini na Mwewe: Mazungumzo juu ya Ulinzi wa Kuku Wanaofugwa Huria



Wahenga walisema kwamba kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Maneno hayo yamekuwa faraja kwa wafugaji wengi. Kila kifaranga anapopotea, lawama hutupiwa bahati, kisha mtu hungoja mtamio mwingine.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya upotevu huo hauletwi na bahati. Kila mnyama alaye kuku ana saa yake, ana njia yake, na huacha alama yake. Mfugaji azijuaye alama hizo aweza kuziba njia hiyo kwa gharama ndogo. Asiyezijua huadhibu asiye na hatia, na mwizi hurudi usiku wa pili.

Hasara yenyewe

Mwanachama hulipwa fedha za kahawa au za pamba kwa msimu, lakini chumvi, sabuni na daftari la mtoto hutakiwa kila juma. Fedha za mahitaji hayo aghalabu hutoka kwa kuku, na katika nyumba nyingi kuku hao ni mali ya mama. Hivyo basi, anayechukua kuku huchukua akiba ya nyumba.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Mfugaji mwenye mitetea 5, ambao kila mmoja huangua vifaranga 10 mara 3 kwa mwaka, hupata vifaranga 150. Wakipotea 7 katika kila 10, watakaokua ni 45. Wakipotea 4 tu katika kila 10, watakaokua ni 90. Mfugaji huyo hakununua mtetea mwingine wala hakuongeza shamba. Tofauti ya kuku 45 imetokana na ulinzi peke yake.

Kumtambua mwizi

Mwewe na kipanga huja mchana. Huchukua kifaranga mmoja mmoja na kuondoka naye, wala hawaachi mzoga. Kunguru hufanya vivyo hivyo, tena huiba na mayai. Katika sehemu za pwani adui huyu ni mkubwa zaidi kwa sababu ya kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 na kuenea hadi bara.

Nguchiro naye huja mchana, akipita katika majani marefu yaliyo karibu na nyumba. Kicheche, kanu na paka mwitu huja usiku. Hao wakiingia ndani ya banda waweza kuua kuku wengi kwa mara moja, wakiwauma shingoni au kichwani, na kuacha wengine bila kuwala. Kenge humeza mayai na vifaranga. Nyoka humeza yai zima, kwa hiyo mayai yakipungua bila kuonekana hata ganda moja, yafaa kumshuku nyoka au kenge. Panya huvuta vifaranga wachanga mashimoni, na huwatafuna miguu wanapolala. Siafu humvamia kuku atamiaye ambaye hataki kuacha mayai yake, na asubuhi hukutwa amekufa juu ya kiota.

Mbwa ana alama zake mwenyewe. Yeye hukimbiza, huuma mgongoni na mapajani, hutawanya manyoya kila upande, na mara nyingi huwaacha kuku wamekufa bila kuwala, kwa kuwa kwake jambo hilo ni mchezo kuliko njaa.

Tena si kila kuku aliyekufa ameuawa. Kuku wengi wakifa katika juma moja bila jeraha, huo ni ugonjwa, na aghalabu ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Mbwa aonekanaye na mzoga mdomoni huenda ameuokota tu. Njia ya kupambanua ni rahisi: ngozi ya kuku ichunwe mahali palipoumwa. Ikiwa chini ya ngozi pana damu iliyovilia, kuku aliumwa akiwa hai. Ikiwa nyama ni safi, bila vilio la damu, aliumwa baada ya kufa. Anayechuna anawe mikono kwa sabuni, na mzoga uchomwe moto au ufukiwe chini sana.

Jambo hili si dogo. Hutokea vijijini kwamba kuku watatu wanakutwa wamekufa asubuhi, na mbwa wa jirani anaonekana akiburura mmoja wao. Kabla ya adhuhuri mbwa ameuawa, na nyumba mbili zilizozoea kuazimana chumvi zimeacha kuamkiana. Usiku wa tatu kuku wengine wanakufa, wote wameumwa shingoni. Kicheche yuko hai, mlinzi wa kijiji amezikwa, na ujirani umevunjika bure.

Majuma ya kwanza ya vifaranga

Vifaranga hupotea zaidi katika majuma 4 ya kwanza, kabla hawajaota manyoya ya kutosha na kuwa wepesi wa kukimbia. Desturi ya kumwacha mama atembee nao tangu siku ya pili ndiyo inayomlisha mwewe.

Dawa yake ni tenga. Tenga la fito, kama lile la kuchukulia kuku sokoni, lifunikwe juu ya vifaranga pamoja na mama yao, mahali penye kivuli, likizuiwa kwa jiwe ili mbwa asilipindue. Ndani wawekewe maji katika chombo kifupi, na chakula: pumba, chenga za mahindi, mchwa na majani mabichi yaliyokatwakatwa. Tenga lihamishwe kila siku ili mahali pawe safi. Baada ya majuma 4 mama aweza kutengwa na vifaranga, mradi wawe na mahali pa joto pa kulala. Faida yake ni mbili: vifaranga wamevuka hatari kubwa, na mama huanza kutaga mapema zaidi.

Wanapoachwa huru wapate mahali pa kujificha. Uwanja uliofagiliwa mweupe, usio na kichaka hata kimoja, humsaidia mwewe. Migomba, mihogo au dari fupi ya makuti huwapa kuku pa kukimbilia jogoo anapolia kuonya. Lakini majani marefu karibu na banda yafyekwe, kwa kuwa hayo ni njia ya nguchiro na nyoka.

Banda la usiku

Kuku haoni vizuri gizani wala hawezi kujitetea. Kwa hiyo kila kuku awe ndani kabla ya jua kuzama, na mlango ufungwe kwa komeo. Chakula kidogo kitolewacho ndani ya banda kila jioni huwafundisha kurudi wenyewe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: afungiwe kwanza siku kadhaa hadi alizoee banda.

Banda liinuliwe juu ya nguzo, kadiri ya mita 1 kutoka ardhini, na kila nguzo ivikwe bati laini ili panya na nyoka wasipande. Penye siafu, miguu ya nguzo isimamishwe katika makopo yenye oili chafu.

Wavu mwepesi wa kuku huwazuia kuku wasitoke, lakini haumzuii mbwa asiingie, kwani huurarua kwa meno. Penye madirisha uwekwe wavu mgumu wenye matundu yasiyozidi sentimita 1.25, ambayo hata panya hapiti. Ikiwa banda limejengwa chini, wavu ufukiwe ardhini sentimita 30, ili mnyama achimbaye aukute. Kila juma mfugaji azunguke banda lake akitafuta upenyo, kwani asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Mbwa wa nyumbani

Mbwa hazaliwi mwizi wa kuku, wala hazaliwi mlinzi. Hufundishwa. Mtoto wa mbwa aletwe karibu na kuku angali mdogo, akiwa amefungwa kamba, na azuiwe kila anapotaka kukimbiza. Akitulia, asifiwe na apewe chakula. Asiachwe peke yake na kuku mpaka mwenendo wake umethibitika, na kwa mbwa wengi hilo huchukua mwaka mzima au zaidi.

Mbwa ashibishwe chakula chake mwenyewe. Asitupiwe matumbo, vichwa wala mayai mabichi ya kuku. Wako wanaomfunga mbwa mzoga shingoni ili ajute, au kumpiga saa nyingi baada ya kosa. Mateso hayo hayamfundishi kitu, maana mbwa haunganishi kipigo cha jioni na kosa la asubuhi. Mbwa aliyekwisha zoea kuua afungwe au azungushiwe uzio wakati kuku wako nje. Na kila mbwa achanjwe kila mwaka dhidi ya kichaa cha mbwa, maana agombanaye na wanyama wa mwituni aweza kuuleta ugonjwa huo nyumbani.

Kwamba mbwa aweza kuwalinda ndege si ndoto. Karibu na mji wa Warrnambool, nchini Australia, mbweha walikuwa karibu kuwamaliza pengwini, ndege wa baharini wasioweza kuruka, katika kisiwa kidogo cha Middle Island. Tangu mwaka 2006 mbwa wa aina ya Maremma waliwekwa kuwalinda, na idadi ya ndege ikaongezeka tena. Wazo hilo lilitoka kwa mfugaji wa kuku wa huko, aliyekuwa akitumia mbwa wa aina hiyo kulinda kuku wake.

Hatari ya sumu

Makatibu wenye ghala za pembejeo walitilie maanani jambo hili. Dawa ya kuulia wadudu wa pamba au kahawa isitumike kamwe kutegea wanyama kwa nyama au mayai. Chambo hakichagui. Humuua mbwa wa mlinzi, kuku mwenyewe anayedonoa mabaki, na mtoto aokotaye yai njiani.

Kazi ya chama

Mambo matatu yawezekana katika kila chama cha msingi. La kwanza, wavu mgumu ununuliwe kwa robota na kugawanywa kwa mita, kwani mfugaji mmoja huhitaji kipande tu. La pili, iwekwe siku ya chanjo ya kideri. Chupa moja ya chanjo ya I-2 ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, nayo hutiwa tone moja katika jicho na kurudiwa kila baada ya miezi 3, au kama atakavyoelekeza ofisa mifugo. La tatu, katibu afungue daftari la kuku waliopotea: tarehe, saa, umri wa kuku, alama iliyoonekana, na nyumba. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litaonyesha adui wa kijiji ni nani na hupita saa ngapi. Siku majirani wanapogombana juu ya mbwa, lifunguliwe kabla ya mtu kushika rungu.

Mwewe ataendelea kuzunguka angani, maana ndiyo riziki yake. Lakini akikuta vifaranga wamo tengani, atakwenda kutafuta panya mashambani, na huko atamfaa mkulima.