Kodi Tunayoiona na Kodi Tusiyoiona

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Voi)

 

Mara ya mwisho mama mmoja alituuliza swali ambalo hatukulijibu vizuri. Alisema kodi ni mambo ya wenye mishahara, sasa kikundi cha mashine ya posho kinalipa nini zaidi ya laiseni? Tulirudi nyumbani na swali hilo, na leo tumekuja na kalamu.

Wacha tuseme mashine yenu inakunywa lita 10 za dizeli kwa siku, na mnasaga siku 26 kwa mwezi. Julai 2024 serikali iliongeza ada ya kutengeneza barabara, ile iliyofichwa ndani ya bei ya mafuta, kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Nyongeza ni shilingi 7. Pigeni hesabu: shilingi 70 kwa siku, 1,820 kwa mwezi. Hiyo ni nyongeza peke yake. Ada yote kwa kiwango hicho inafika 6,500 kwa mwezi. Na jamani, mashine ya posho haijawahi kutembea barabarani hata hatua moja!

Hakuna karani aliyekuja na kitabu cha risiti. Mlilipa pale petroli stesheni, mkapandisha bei ya kusaga kidogo, na aliyeleta debe lake la mahindi ndiye aliyeibeba.

Sasa kumbukeni mwezi mmoja tu kabla ya hapo. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Mkate kila mtu anaujua, kwa hiyo nchi nzima ilipiga kelele, na serikali ikauondoa mkate kabla ya kura. Hata hivyo watu hawakutulia. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha mswada, 106 wakaukataa, na siku hiyo hiyo vijana waliingia ndani ya Bunge. Watu zaidi ya 20 waliuawa. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Hatusemi vijana walikosea, la hasha, walilipa kwa damu. Tunachosema ni kwamba mswada ulipoanguka, serikali bado ilikuwa na madeni ya kulipa na barabara za kutengeneza, na pesa zilitafutwa mahali pengine. Zile shilingi 7 za dizeli huku kwetu zilipita karibu kimya.

Wanasiasa wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Kodi inayoonekana hupoteza kura, na kuifuta huleta kura. Tazameni Uganda. Kule kulikuwa na kodi ya kichwa ambayo kila mwanamume mzima alilipa, na asiyelipa alikamatwa. Watu waliichukia sana. Mwaka 2005 ikaondolewa, na Februari 2006 ukaja uchaguzi, Rais Museveni akashinda. Mwananchi alifurahi, na tungekuwa sisi tungefurahi pia. Lakini ile ilikuwa ndiyo pesa ya wilaya zenyewe. Baada ya hapo wilaya zikabaki kungojea mgao kutoka Kampala, na anayengojea mgao hana sauti kubwa.

Kwetu Kenya ni vivyo hivyo. Mwaka 2022 kampeni zote zilikuwa za mama mboga na mtu wa boda boda. Rais Ruto alishinda kwa asilimia 50 na kidogo. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Sasa boda boda hutembea kwa nini kama si petroli?

Na hapa Taita Taveta tuna hoja yetu ya haki, ambayo kila uchaguzi huvalishwa nguo mpya. Mbuga za Tsavo zilianzishwa mwaka 1948, na zimechukua karibu asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii. Ada za geti zimekuwa zikienda kwa Shirika la Wanyamapori, ndovu wanakuja shambani. Wanaogombea wamesimama hapa stendi mara nyingi wakiahidi kwamba tutapewa nusu. Hoja ni ya haki, tunaiunga mkono. Ila tumeona pia kwamba ni hoja tamu kwa mgombea, kwa sababu anayelaumiwa yuko Nairobi. Kuhusu ada za soko la hapa hapa, ambazo kaunti yenyewe inapanga, hotuba huwa fupi.

Basi twende kwenye yale yaliyo mikononi mwetu. Katiba, ibara ya 201, inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Bunge la kaunti nalo hupitisha sheria yake ya fedha kila mwaka, ndani ya siku 90 baada ya kupitisha matumizi. Humo ndimo zimo ada za soko, laiseni, mchanga na mifugo, na kabla ya kupitishwa ni lazima wananchi waitwe watoe maoni.

Sisi tulihudhuria kikao kimoja cha namna hiyo, hatutaji ni wapi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nyingi, tukapewa asubuhi ile ile. Watu walisimama mmoja mmoja wakasema maisha ni magumu. Karani aliandika "maisha ni magumu", tukanywa soda, tukaondoka. Tuliona aibu baadaye, maana hata sisi wenyewe hatukuwa na hesabu yoyote mkononi.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja. Kuanzia kesho kila mweka hazina atenge kurasa mbili za daftari. Ukurasa wa kwanza aandike kila ada mnayolipa kwa risiti: soko, laiseni, choo cha stendi. Wa pili aandike lita za mafuta. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule. Mwezi ujao mje na madaftari hayo, tutajumlisha pamoja, na karatasi ya kaunti tutaiomba mapema ofisini kwa mwakilishi wa wadi ili mwalimu mmoja atusomee kwa Kiswahili.