Gurudumu la Akiba na Mlango wa Nyuma

Jumapili ya 32 ya Mwaka A
Injili: Mathayo 25:1-13



Injili ya leo inatuwekea mbele ya macho wanawali kumi na taa zao. Watano walichukua akiba ya mafuta, watano hawakuchukua. Kwa kawaida mahubiri ya siku hii huishia hapo: tuwe na akiba, tusije tukakutwa gizani. Fundisho hilo ni la kweli, wala hatuliondoi. Lakini tukumbuke kwamba mfano huu haumalizikii kwenye mafuta. Unamalizikia mlangoni. Kwa hiyo leo twapenda kuwasimulia habari ya akiba iliyokuwapo, tena nzima, na mlango ambao haukufunguka kwa sababu ya akiba hiyo hiyo.

Parokia yetu, iliyo kwenye miteremko ya milima, ilikuwa na Land Rover 110 kuukuu ya dizeli, ile yenye milango miwili ya mbele na mmoja tu wa nyuma. Wazee wanayajua magari hayo. Tangu yalipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, wakati chuma kilipokuwa adimu baada ya vita, sehemu kubwa ya bodi yake ilifanywa kwa mabati ya alumini, na chini yake chesisi ya chuma. Gurudumu la akiba la gari letu, yaani tairi pamoja na ringi yake ya chuma, lilikuwa na uzito wa kilo 30 na zaidi. Mzigo kama huo ukining'inizwa kwenye mlango, kila shimo la barabarani huwa ni nyundo. Bawaba hulegea, mlango huinama, na bati hupasuka pembeni mwa bolti.

Kwa sababu hiyo, waliokuwa na gari hilo kabla yetu walifanya jambo la busara. Waliliondoa gurudumu mlangoni, wakalitengenezea fremu ya mabomba ya chuma. Upande mmoja fremu ilizunguka juu ya pini nene iliyoingia katika bushi kwenye pembe ya nyuma ya gari; upande wa pili ilifungwa kwa komeo. Fimbo fupi iliiunganisha na mlango, ili vyote viwili vifunguke pamoja. Sasa uzito ukabebwa na fremu, na mlango ukapumzika. Ilikuwa kazi njema, iliyofanywa kwa nia njema, nayo ilitutumikia miaka mingi. Ilidai kitu kimoja tu: grisi kwenye ile pini, mara kwa mara.

Sisi hatukuipaka grisi.

Mzee katekista wetu, ambaye ndiye aliyekuwa akipakia na kupakua mizigo, alitueleza mapema. Alisema, "Baba, ile pini inakazana. Juzi nimeifungua kwa kuisukuma na bega." Tukamjibu, "Tutaitazama, Mzee." Baada ya wiki kadhaa akatuambia tena. Tukamjibu vivyo hivyo. Hakutuambia mara ya tatu, maana mtu mzima akijibiwa hivyo mara mbili huelewa.

Mwezi wa Desemba mwaka 1997, wakati wa zile mvua kubwa za El Niño zilizoharibu barabara nyingi katika Afrika Mashariki, tuliitwa usiku kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa katika kigango cha mbali. Mumewe na wanawake wawili wa jumuiya walipanda naye nyuma. Mwendo wa saa moja ulituchukua zaidi ya saa tatu. Tulifika zahanati kabla ya mapambazuko, tukashukuru, tukashuka, tukaenda kufungua mlango wa nyuma. Komeo likafunguka. Fremu haikutikisika. Matope na kutu vilikuwa vimeishika pini kama saruji. Tulivuta, tukasukuma, tukapiga kwa jiwe. Ndani tulimsikia yule mama, na nje mganga alikuwa amesimama na taa mkononi.

Ndugu wapendwa, tafakarini picha hiyo. Tairi zuri, lililojaa upepo, halina hata kiraka. Nyuma yake mlango mzima. Nyuma ya mlango mtu mwenye shida. Na tairi ndilo lililomzuia asitoke.

Hatimaye wanawake wale walimpitisha mbele, juu ya ukuta mfupi ulio nyuma ya viti, mmoja akimshika mabega na mwingine miguu, sisi tukimpokea kwenye mlango wa dereva. Mtoto alizaliwa muda mfupi baadaye, mama yake akiwa bado na matope miguuni. Wote wawili walikuwa salama. Mumewe alitushukuru. Shukrani yake ilituumiza kuliko lawama, kwa maana tulijua tulichokuwa tumeambiwa na Mzee katekista.

Mvua zilipopungua tulimwita fundi, kijana mwenye gereji ndogo karibu na soko. Tulidhani ataimaliza kazi kwa asubuhi moja. Siku ya kwanza hakuondoa kitu chochote. Alisugua kila nati kwa brashi ya waya, akamwagia dizeli, akaenda zake. Siku ya pili alirudi, akagonga polepole kwa nyundo ndogo, akamwagia tena, akaondoka. Mmoja wetu, aliyechoshwa na mwendo huo, alishauri ziletwe gesi za kuchomelea, chuma kipashwe moto kiachie. Fundi alikataa. Akatuonyesha kwa kidole: tangi la dizeli la gari lile lipo nyuma, chini ya sakafu, karibu kabisa na ile pini. Akasema, "Baba, moto utaitoa fremu, lakini utaondoka na gari."

Siku ya tatu aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kwanza aliliondoa gurudumu la akiba, ili fremu isiwe na uzito. Kisha akaegemeza fremu juu ya jeki na kipande cha gogo, kwa kuwa kitu kizito kilichoshikwa na kutu huachia ghafla na kuweza kumvunja mtu mguu. Akafungua ile fimbo ya mlangoni. Bolti zilikuwa sita. Nne zilifunguka kwa spana, moja ikakatika kichwa, moja aliikata kwa msumeno wa chuma, taratibu, bila cheche. Mwisho pini ikapanda, kidogo kidogo, kwa kugongwa kutoka chini.

Fremu ilipotoka tuliona jambo ambalo hatukulitazamia. Kwa nje rangi ilikuwa nzuri. Lakini chini ya kile kipande cha chuma kilichokuwa kimebanwa kwenye bodi, alumini ilikuwa imegeuka unga mweupe. Fundi alitueleza kwamba chuma na alumini vikigusana mahali penye maji, alumini ndiyo huliwa, tena huliwa kwa siri, palipofunikwa. Alikwangua unga wote mpaka akafikia bati zima, akasafisha, akaacha pakauke, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Kisha akayaziba matundu yote sita kwa bolti fupi na washa za mpira. Tulimwuliza kwa nini ajisumbue na matundu madogo namna ile. Akajibu kwamba gari likitembea, nyuma yake hewa huvuta. Tundu dogo litaingiza vumbi, na pamoja na vumbi litaingiza moshi wa injini, nao abiria watauvuta bila kujua kinachowaumiza kichwa.

Likabaki swali la gurudumu lenyewe. Halmashauri ya walei ilikaa kulijadili. Wengine walisema liwekwe juu ya paa. Lakini nani atapandisha na kushusha kilo 30 usiku, na gari lenye uzito juu hupinduka upesi kwenye mteremko. Wengine walisema juu ya boneti. Lakini dereva wetu ni mfupi. Mmoja alisema tuliache nyumbani, kwa kuwa ndilo lililotuletea aibu. Hapo Mzee katekista akacheka, akasema huo ungekuwa ujinga wa wale wanawali watano. Mwishowe liliwekwa ndani, likisimama wima nyuma ya viti vya mbele, likafungwa kwa bolti na mnyororo. Kwa sababu gurudumu lisilofungwa, gari likisimama ghafla, huendelea na safari peke yake na kuua. Nafasi ya abiria mmoja ikapotea. Tulikubali hasara hiyo. Mlango wa nyuma ukawa mwepesi hata mtoto aliweza kuufungua.

Wapendwa, katika habari hii tunaona mafundisho matatu.

La kwanza: akiba si sawa na kibebeo chake. Tulichohitaji ni gurudumu. Fremu ilikuwa njia tu ya kulibeba. Tuangalie jumuiya zetu ndogo ndogo. Tulianzisha mfuko wa kusaidiana wakati wa msiba. Tukaweka mweka hazina, kufuli, daftari na masharti. Vyote vilikuwa vyema. Lakini leo mjane anafiwa na mtoto, na kwa kuwa hakutoa mchango wa miezi mitatu, sharti linasimama kati yake na msaada. Fedha zipo, mwenye shida yupo, na katikati kuna kutu. Hali kadhalika nyumbani: baba ameweka akiba ya matibabu, lakini ufunguo anao yeye peke yake, naye yuko safarini. Akiba hiyo ni ya nani? Wanawali wenye busara hawakusifiwa kwa kuwa na chupa. Walisifiwa kwa sababu taa zao ziliwaka saa ilipofika.

La pili: kilichoshikamana kwa miaka hakitolewi kwa moto. Makatekista, ninyi mnalijua hili. Mnakuta kijijini desturi iliyokuwa na maana zamani na sasa inawazuia watu. Ukiingia na moto wa maneno, utaiondoa pengine, lakini utaunguza na nyumba, kwa maana tangi liko karibu. Sugua kwanza, uone nati iko wapi. Mwagia mafuta ya upole. Ondoka, rudi kesho. Ondoa uzito kwanza, weka egemeo chini, ndipo ufungue. Lakini tusije tukaufanya uvumilivu kuwa jina jingine la uvivu. Fundi alivumilia siku tatu, na kila siku alifanya kitu. Sisi tulivumilia miezi, na hatukufanya lolote.

La tatu: baada ya kuondoa, ziba matundu. Mara nyingi twaona kazi imekwisha pale kiongozi aliyekosea anapoondolewa, au kikundi kinapovunjwa. Tunafurahi, tunakwenda nyumbani. Lakini pamebaki matundu: maneno yaliyosemwa mkutanoni, familia mbili ambazo hazisalimiani tena. Na pengine chini ya kifuniko kuna unga mweupe wa chuki ambao rangi ya nje iliuficha. Tusipokwangua na kuziba, humo ndimo vumbi litakapopita, na watoto wetu watavuta moshi ambao hawakuuwasha.

Na juu ya hayo yote kuna yule Mzee. Mungu hakututumia malaika kutuonya juu ya ile pini. Alimtuma mtu aliyekuwa akiigusa kila siku. Katika kila parokia, katika kila nyumba, yupo anayejua ni wapi panakazana, kwa sababu bega lake ndilo linalosukuma. Mara nyingi ni mama, au mtumishi, au mtoto. Kukesha ambako Injili ya leo inatudai huanza kwa kumsikiliza mtu huyo mara ya kwanza anaposema.

Huenda mtauliza ile fremu iliishia wapi. Haikutupwa. Fundi aliisafisha, tukaipeleka kwenye kigango cha yule mama, ikasimikwa ardhini. Juu yake imening'inizwa ringi ya zamani, nayo ndiyo kengele ya kigango. Kila Jumapili hugongwa kwa kipande cha chuma, na watu huja. Kitu kilichozuia mlango mahali pamoja kilifaa kuita watu mahali pengine, kilipowekwa mahali pake.

Juma hili, basi, kila mmoja wetu ajiulize: ni kitu gani chema nilichokiweka zamani, ambacho sasa kinazuia mlango? Ni nani aliyeniambia mara mbili, nami nikamjibu "nitatazama"? Tukishajua, tusingoje usiku wa mvua.

Tuombe. Ee Bwana, utujalie mafuta katika taa zetu, na utujalie pia mlango unaofunguka. Utupe masikio ya kumsikia ndugu anayetuonya, mikono yenye subira ya kuondoa kilichoshikamana, na uangalifu wa kuziba tulipoacha wazi. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.