Motokaa Inayokataa Kuwaka



Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa mmoja wa motokaa uwasumbuao wengi, mashambani na mijini. Asubuhi gari linakataa kuwaka. Fundi anaitwa, na mara afikapo linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Baada ya siku tatu linakataa tena. Mwenyewe hununua betri mpya, kisha stata, kisha plagi, hata fedha za karo zikaisha, na gari li vile vile. Na ikiwa gari hilo ndilo linalotegemewa kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, hasara yake si ya fedha tu.

Yafaa tujue kwamba ubovu unaokuja na kwenda haupatikani kwa kubahatisha. Hupatikana kwa kuupima wakati ule ule unapotokea. Basi wekeni daftari ndani ya gari. Kila likataapo, andikeni saa, kama kulikuwa na baridi au mvua, kama injini ilikuwa ya moto, na gari lililala siku ngapi bila kutumiwa. Fundi atayafurahia maandishi hayo kuliko maneno mengi.

Pili, sikilizeni vizuri. Je, injini haizunguki kabisa, au inazunguka lakini haishiki? Hayo ni magonjwa mawili mbalimbali. Ikiwa haizunguki, washeni taa kubwa za mbele, kisha mjaribu stata. Taa zikififia sana, yamkini betri ni dhaifu au viungo vya waya vimelegea. Taa zikibaki na nuru yake na stata ikanyamaza, basi yamkini umeme haufiki kwenye stata, au stata yenyewe ni mbovu, na hapana budi kuchungua swichi na waya zake.

Mara nyingi mkosaji ni kitu kidogo: ukungu mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri, au ule waya mnene unaoiunganisha betri na bodi na injini, umelegea au umeliwa na kutu. Wakazi wa pwani, ambako hewa ina chumvi, wauangalie sana. Kabla ya kusafisha, zimeni gari. Fungueni kwanza upande wa kutoa, na mwisho urudishwe huo huo. Msivute sigara karibu, maana betri hutoa hewa iwezayo kulipuka.

Mwenye kipimo cha umeme na apime. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha kama volti 12.6. Stata ikizungusha injini, isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikiwa usiku ilikuwa imejaa na asubuhi imekwisha, tafuteni kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa, kama vile taa ya buti isiyozimika.

Ikiwa injini inazunguka lakini haishiki, tafuteni kama ni petroli au cheche inayokosekana. Magari mengi ya siku hizi yana kidude kinachoipasha kompyuta habari za mzunguko wa injini. Kidude hicho kikizeeka huweza kuzimika kikipata moto na kupona kikipoa. Ndiyo sababu gari huwaka vizuri alfajiri, likakataa sokoni adhuhuri, na likawaka tena baada ya nusu saa. Mpelekeeni fundi gari likiwa la moto, si baada ya kulala kwake usiku kucha.

Mwisho, badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha mjaribu siku kadhaa. Abadilishaye vitu vitatu pamoja hajui ni kipi kilichoponya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Gari nalo huficha maradhi yake mbele ya fundi, lakini daftari na kipimo huyafichua kabla halijawaacha njiani.