Kuvu Pia Huhitaji Hewa

Leo tuzungumze juu ya mahindi ya ghalani.

Mwaka wa 2004, kufikia Julai 20, watu 317 walikuwa wameugua na 125 wamefariki, wengi wao Makueni na Kitui. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, maini yakaharibika. Waliuawa na aflatoksini, sumu itokayo kwa kuvu inayoota kwenye mahindi yaliyowekwa na unyevu.

Kuvu ni kiumbe hai. Kama sisi, hutumia oksijeni ya hewani kuchoma chakula chake, yaani wanga wa mahindi, ili ipate nguvu. Kazi hiyo hutoa joto na maji. Ndiyo sababu ukitia mkono ndani ya gunia linaloharibika, utahisi vuguvugu na unyevu. Unyevu huo huongeza kuvu zaidi.

Vipo viumbe vinavyopata nguvu bila oksijeni. Vijidudu vinavyochachua uji hufanya hivyo. Nguvu wanazopata ni kidogo, lakini zinawatosha. Kuvu hii haiwezi kuishi hivyo, wala dumuzi. Kwa hiyo magunia maalum yasiyopitisha hewa husaidia: oksijeni ikiisha ndani, wadudu hufa na kuvu huacha kukua.

Lakini mama, kausha kwanza! Mahindi mabichi yakifungiwa bila hewa huchacha na kuoza.

Fanya hivi:
1. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo.
2. Pima ukavu. Tia mahindi na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo. Funga, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikiganda ubavuni, anika tena.
3. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.
4. Mahindi yenye kuvu usiyapike. Kuchemsha muthokoi au isyo kwa saa nyingi hakuondoi sumu, wala kuchachua uji hakutoshi. Gunia lisilopitisha hewa nalo haliondoi sumu iliyokwisha kuingia.
5. Usiwape kuku wala ng'ombe. Sumu hupita hadi kwenye maziwa, na maziwa hayo hunywewa na mtoto wako.

Ukiona mtoto ana macho ya manjano au tumbo limevimba, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe mahindi mliyokula.

Mweleze na jirani yako.