Mutoto wa Kabambare kule Marekani: ni wetu ao si wetu?

Wandugu wa Kasongo, na ninyi mliotoka Kabambare kwa pikipiki,

Leo tunazungumuza juu ya watu ambao hawako hapa. Vita ya 1996 na ya 1998 ilisukuma wengi wa upande wetu na wa Fizi kuvuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 juu ya Wakongomani. Watoto wakazaliwa mule, wakakomalia mule. Kisha Marekani ikafungua mulango: mwaka 2016 peke yake ilipokea Wakongomani zaidi ya 16,000, kuliko wakimbizi wa inchi ingine yoyote.

Leo watoto wao wanasema Kiingereza shuleni na Kiswahili jikoni kwa mama. Wengi waliozaliwa kule ni raia wa kule. Wazazi nao, kisha miaka 5 ya kukaa na karatasi ya kudumu, wanaweza kuomba uraia.

Sasa njo shida inaanza. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mumoja na hauchanganywi na mwingine. Sheria ya 2004 inaongeza: ukichukua wa inchi ingine, wa Kongo unaupoteza. Yule mama aliyekimbia risasi, akiapa kule, siku ya kurudi kuzika baba yake Kabambare atapanga mustari wa viza sawa mugeni. Lakini feza anayotutumia kwa simu juu ya minerval na dawa, hakuna hata siku moja mutu aliiomba viza.

Kuna wanaosema: «Walituacha, wabaki kule.» Wandugu, mutu wa Kasongo aseme hivyo namna gani? Katika karne ya 19 watu wa pwani na wa Zanzibar walifika hapa pamoja na Tippu Tip. Walikuja na bunduki na minyororo, hatutaficha. Lakini wajukuu wao na wajukuu wa wale waliofungwa walioana. Kiswahili hiki ninachosema, misikiti yetu, muchele tunaokula, vyote vilipita njia ile. Nani leo anamwambia jirani yake arudi Zanzibar? Sisi tunajua mutu anaweza kuwa na mizizi kule na nyumba hapa. Tukubali pia kinyume chake.

Basi tufanye nini? Kifungu cha 218 kinaruhusu raia 100,000 kuandika ombi kwa Bunge ao Senati ili Katiba irekebishwe. Lakini tufungue macho mara mbili. Kwanza, kifungu cha 219 kinakataza kurekebisha Katiba wakati wa vita ao wa hali ya kuzingirwa, na Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko ndani ya hali hiyo tangu Mei 2021. Pili, wakubwa wasijifiche nyuma ya ndugu zetu wa ngambo ili waguse kifungu cha 220, kinacholinda idadi na muda wa mihula ya rais. Tunataka kifungu cha 10 kibadilike, siku yake ikifika. Hatutalipa bei ile.

Kuna mambo ambayo hayangoji Katiba. Uchaguzi wa 2023, CENI iliandikisha Wakongomani wa ngambo katika inchi 5 tu: Afrika ya Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa. Tanzania haikuwamo. Na Januari 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi. Ndugu wa Nyarugusu hachagui, haendi, na kurudi anaogopa.

Tunadai CENI iwaandikishe Wakongomani wa Tanzania kwa uchaguzi unaokuja. Tunadai usalama wa kweli Salamabila na katika Kabambare yote, ili anayetaka kurudi apate pa kurudia.

Na wewe, leo usiku mupigie ndugu yako wa kambini. Mukumbushe sheria ile ile ya 2004: mutoto ambaye baba ao mama ni Mukongomani, ni Mukongomani tangu kuzaliwa, hata kama alizaliwa Kigoma. Aweke vizuri kila karatasi ya kuzaliwa ya watoto wake. Siku moja wataombwa kuonyesha wao ni nani.