Mirambo Wawili wa Stanley: Kufundisha Historia na Uraia kwa Nyaraka za Mtandaoni

Walimu wenzangu wa Tabora,

Hoja yangu ni moja: mtandao utatufaa darasani iwapo mwanafunzi atazoea kuuliza, “Nani anasema, naye alikuwa upande gani?”

1. Somo la Historia

Agosti 1871 Henry Morton Stanley aliungana na Waarabu wa Tabora kumpiga vita Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyewafungia njia ya Ujiji. Walishindwa, na Mirambo akaja kuchoma sehemu ya mji. Katika kitabu cha 1872, Stanley anamweleza mtemi huyo kama jambazi. Mwaka 1876 wakakutana, wakachanjiana udugu. Katika kitabu cha 1878 Mirambo ni mpole wa maneno na mwenye adabu. Vitabu vyote viwili vinasomeka bure mtandaoni.

Chukua aya moja kutoka kila kitabu, uziweke mbele ya wanafunzi. Watagundua wenyewe kwamba sifa za Mirambo zilibadilika pale mwandishi alipoacha kuwa adui yake. Kisha waeleze habari za Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Huyo ni tajiri wa msafara. Je, pagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe mpaka Bagamoyo angesimulia nini?

2. Somo la Uraia

Januari 1958, hapahapa Tabora, mkutano mkuu wa TANU ulijadili kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi waliona ni dhuluma. Mwalimu Nyerere aliwashawishi washiriki wakubali kuingia katika uchaguzi wa namna hiyo. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuunda chama chake. Uamuzi huo wa mkutano tunauita Uamuzi wa Busara, na wanafunzi hulikariri jina hilo kwa ajili ya mtihani. Nusu ya darasa na imtetee Mtemvu, nusu Nyerere, kila upande ukitoa ushahidi kutoka kwenye nyaraka. Hapo wataonja uzito wa kuamua.

3. Mapendekezo

Nyaraka nyingi ni za Kiingereza, na bando ni ghali. Kwa hiyo napendekeza:

(a) Mwalimu apakue mara moja, atafsiri aya fupi, atoe nakala ya karatasi moja kwa kila kikundi.

(b) Ziara ya tembe la Kwihara, walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, itanguliwe na usomaji wa aya hizo.

(c) Wanafunzi wawarekodi wazee, kwa ridhaa yao, kwa Kinyamwezi na Kiswahili, na shule ihifadhi sauti hizo.

Pendekezo la tatu ndilo ninaloliombea zaidi. Habari za Unyanyembe, eneo letu hili la Tabora, zilizojaa mtandaoni ziliandikwa na wapita njia. Wenyeji waliowapokea, wakawauzia chakula na kuwabebea mizigo, wana wajukuu katika madarasa yetu. Tuwape watoto hao kazi ya kujaza pengo la sauti za wenyeji.