Makarani wa Utafiti Nao ni Wafanyakazi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme habari za makarani wanaotunza fedha za utafiti katika vyuo vikuu. Labda wengine watauliza, hayo yatuhusu nini sisi watu wa reli? Subirini kidogo.

Mtaalamu akitaka kuchunguza malaria au mbegu za mahindi, hawezi kuanza kwa elimu yake tu. Lazima aombe fedha, na katika maombi iwepo hesabu ya kila kitu: mishahara, mafuta ya gari, dawa za maabara. Hapa Kenya atahitaji pia kibali cha NACOSTI. Fedha zikikubaliwa, mkataba husomwa neno kwa neno, maana kwa kawaida anayefungwa nao ni chuo, si mtaalamu peke yake. Halafu vocha, risiti na taarifa. Matumizi yasiyo na risiti, mwenye fedha aweza kuyakataa. Nani hufanya kazi hiyo? Ni karani. Abiria humjua dreva. Yule anayebadili njia ya reli usiku wa mvua hawamwulizi mpaka gari litoke relini.

Sasa tutazame mshahara wake watoka wapi. Katika ruzuku kuna fedha za uchunguzi wenyewe, na kuna fungu la nyumba, taa na ofisi. Mara nyingi karani hulipwa katika fungu hili la pili, na ndilo wakubwa hupenda kulikata. Huko Marekani, tarehe 7 Februari 2025, idara ya NIH, inayotoa fedha za utafiti wa afya, ilitangaza kwamba fungu hilo lisipite asilimia 15. Vyuo vingi vilikuwa vikipata zaidi sana. Majimbo na vyuo vikaenda kortini, na Aprili 2025 jaji wa Boston akaizuia amri hiyo.

Wao walilia kwa asilimia 15. Lakini vyuo vya nje ya Marekani, na vyetu vikiwamo, kwa miaka mingi NIH hiyo hiyo ilivipa asilimia 8 tu! Yaani kwa shilingi 100 za uchunguzi, shilingi 8 za ofisi. Na hesabu zinazotakiwa si chache kwa sababu fedha ni chache.

Basi chuo hufanyaje? Humwandika karani kwa mkataba wa miaka ya ruzuku. Ruzuku ikiisha, naye huenda nyumbani pamoja na ujuzi wake, na mwingine huanza kujifunza upya. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, kazi nyingi zilizotegemea fedha hizo zilisimama, na mwenye mkataba wa namna hii hakuwa na pa kushika. Sisi twaijua hali ya kibarua anayefanya kazi ya kudumu kwa karatasi ya muda.

Kipo chama cha KUSU kwa wafanyakazi wa vyuo vikuu wasiofundisha. Mwenye ndugu au mtoto katika ofisi hizo amwambie akitafute, na kabla ya kutia sahihi aulize mshahara wake umeandikwa katika fungu gani, na fungu hilo linakwisha lini.